Tovuti ya kutafutia mlo wa bei nafuu Mtwara: anzeni na bei ya sahani, ramani itafuata

SWALI: Tuko wanne, mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Mradi wetu ni tovuti ya kumwonyesha mwanafunzi sehemu za kula za bei nafuu zilizo karibu naye. Tulijaribu kuchukua data kwa Google tukaambiwa tuweke kadi ya benki, na hata hivyo zilizokuwa zinaonekana ni hoteli za Shangani ambazo mifuko yetu haiziwezi. Tuna miezi mitatu kabla ya kuwasilisha. Tuanzie wapi, tutumie teknolojia gani, na tutajuaje kwamba bei tunazoonyesha ni za kweli?

JIBU: Wadogo zangu, kadi ya benki isiwanyime usingizi. Hata mngeipata kesho asubuhi, tatizo lenu kubwa lingebaki palepale, nanyi mmeshalitaja bila kuutambua uzito wake: zinazoonekana ni hoteli za Shangani. Mama lishe anayewalisha wenzenu kila mchana hayumo kwenye ramani ya kampuni yoyote. Hana bango wala ukurasa mtandaoni, na pengine hata jina la biashara hana. Watu wanaelekezana tu, "kwa yule mama wa pale kwenye mwembe". Isitoshe, masharti ya Google hayawaruhusu kuhifadhi sehemu kubwa ya data yao kwenye hifadhidata yenu. Kwa hiyo hakuna huduma ya kununua wala ya bure itakayowapa orodha mnayoitaka. Itabidi muitengeneze wenyewe, kwa miguu.

Ninalisema hili mwanzoni kwa sababu ninavijua vikundi vya wanafunzi wa kompyuta. Wiki sita zinakwisha watu wakichagua rangi za ukurasa na kubishana kuhusu lugha ya kuandikia programu, kisha siku tatu za mwisho wanajaza migahawa kumi ya kubuni ili skrini isibaki tupu. Katika miezi yenu mitatu, mmoja mzima uende mtaani. Kuandika programu ya mradi huu ni kazi nyepesi kuliko mnavyodhani, na nitawaonyesha kwa nini.

Kwanza tukubaliane kitu gani hasa mnakiandika. Tovuti nyingi za aina hii zinauweka mgahawa katikati: una jina, picha, nyota, na pembeni alama ya kusema ni nafuu, wa kati au ghali. Mwanafunzi mwenye shilingi 2,000 mfukoni hasaidiwi na neno "nafuu". Anataka kujua atakula nini, kwa shilingi ngapi, na bei hiyo ni ya lini. Hivyo kitu cha katikati kwenye mfumo wenu kiwe bei ya sahani moja, mahali fulani, siku fulani. Mgahawa ubaki kuwa mahali pa kuifuata sahani hiyo.

Angalieni hesabu yenyewe. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anapata bumu, yaani posho ya kujikimu, la 10,000 kwa siku, na hapo hapo ndipo chakula kilipo na malazi yalipo. Akipata sehemu ambayo sahani ya chakula hichohicho ni pungufu kwa shilingi 500, na anakula hivyo mara mbili kwa siku, kwa siku 30 ameokoa 30,000. Hiyo ni posho ya siku tatu nzima. Asiye na mkopo, anayetegemea mzazi kule Newala au Nachingwea auze korosho kwanza, kwake 500 ina uzito zaidi. Huyo ndiye msomaji wenu. Kila mkikwama kwenye uamuzi wowote, mrudieni yeye na mfuko wake.

Kwenye hifadhidata basi, majedwali matatu yanatosha. La kwanza ni mahali: jina ambalo watu wanaliita, latitudo, longitudo, mtaa, alama ya jirani ("nyuma ya msikiti", "mkabala na kituo cha bodaboda"), siku na saa za kuuza. Msiidharau alama ya jirani, maana hapa kwetu mtu anafika kwa alama ya jirani kabla hajafika kwa namba. La pili ni vyakula: orodha fupi mnayoifunga wenyewe, yaani wali maharage, wali samaki, wali nyama, ugali dagaa, ugali samaki, ugali wa muhogo, makande, chipsi kavu, chipsi mayai, chapati, supu, na kadhalika. Isiwe kila mmoja anaandika anavyojisikia, vinginevyo mtapata "wali maharage", "wali na maharage", "wali-maharagwe" na "ubwabwa maharage" kama vyakula vinne tofauti. La tatu ndilo moyo wa mradi: bei. Kila mstari unabeba mahali, chakula, kiasi cha fedha, kilichomo ndani ya sahani, tarehe, na nani aliyeripoti.

Sharti moja kwenye jedwali hili la tatu nawaomba mlishike: bei ikibadilika, msifute ya zamani. Ongezeni mstari mpya wenye tarehe mpya. Hamtapoteza nafasi yoyote ya maana, na baada ya mwaka mmoja mtakuwa na historia ya bei ya sahani ya wali Mtwara mjini, mtaa kwa mtaa, mwezi kwa mwezi. Mwanafunzi wa uchumi anaweza kuifanyia utafiti.

"Kilichomo" nako kuna jambo. Wali maharage wa 2,000 sehemu moja unakuja na mchicha na kipande cha tikiti. Sehemu nyingine ni wali na maharage basi, mboga ya majani unaongeza 300. Ukilinganisha namba tupu, unampunja muuzaji mkarimu na unamdanganya mlaji. Wekeni visanduku vya ndiyo na hapana: mboga ya majani, maharage, tunda, maji ya kunywa. Na kiwepo kisanduku cha nusu sahani au sahani kamili, kwa sababu nusu ndiyo inayowavusha wengi siku za mwisho kabla ya bumu.

Sasa kutembea. Msianze na mji mzima. Chukueni eneo linalozunguka chuo chenu na soko kuu, kisha mpanuke: Chikongola, Majengo, Magomeni, Ligula, halafu stendi na Feri. Shangani iwe ya mwisho. Ile tayari iko kwenye ramani za watu. Kusanyeni data kwa KoboToolbox, programu ya kutengeneza na kujaza fomu. Ni bure kwa kazi kama yenu, na mnaijaza kwenye simu ya kawaida ya Android hata kama bando limeisha. Fomu zinajihifadhi na kutumwa mkipata mtandao. Itawapa latitudo na longitudo za mahali mliposimama. Mkichukua nukta, tokeni nje ya paa la bati, simameni mnapoona anga, subirini mpaka simu iseme usahihi umeshuka chini ya mita 10. Ukichukua ukiwa ndani ya kibanda, nukta inaweza kuangukia mtaa wa pili.

Muda wa kwenda una maana kuliko mnavyofikiri. Saa 7 mchana mama lishe ana foleni, ana moto, ana watoto wa kutuma, na wewe unamuuliza maswali kumi na mawili. Nendeni saa 4 au saa 5 asubuhi wakati chakula kiko jikoni na bei imeshajulikana, au saa 9 wakati masufuria yanaoshwa. Nunueni chakula. Mwanafunzi aliyekula pale anajibiwa kwa moyo mweupe, na anakuwa ameihakiki bei kwa pesa yake mwenyewe.

Jueni pia mtakavyoonekana. Vijana wawili wenye simu mkononi, wanauliza bei na kuandika, wanapiga picha ya kibanda: kwa mfanyabiashara mdogo hao ni watu wa kodi au watu wa manispaa wanaokuja kumhamisha. Atawatajia bei ya uongo, au atawafukuza, na ana haki yake. Ombeni barua chuoni, pitieni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mumweleze, kisha mwambieni mama mwenyewe kwa maneno mepesi: tunataka wanafunzi wajue unauza nini na bei gani, wakufuate. Mwonyesheni kwenye skrini jinsi atakavyoonekana. Akikataa, mwacheni, wala msimweke kwa mlango wa nyuma. Jina lake na namba yake ya simu ni taarifa binafsi, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kama hamhitaji namba ya simu, msiichukue kabisa. Kama mnaihitaji kwa ajili ya oda, fomu iwe na swali la wazi la ridhaa. Uso wake pia msiupige picha. Pigeni picha sahani.

Kazi ya namna hii imeshafanywa na wanafunzi wenzenu, kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, ukawatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa mitaa kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko: mitaro, njia za uchochoroni, nyumba. Data yao waliiweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia na kuitumia. Ramani yenu ya chini itoke huko. Haitaki kadi. Inataka mambo mawili: muandike kwenye ramani kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap, na mkichanganya data yao na yenu kuwa hifadhidata moja mnayoitangaza, nanyi muitoe kwa leseni ileile. Njia safi ni kuziweka mbali: migahawa ya kudumu yenye kuta muiongeze OpenStreetMap ili kila mtu afaidike, na bei zibaki kwenye jedwali lenu, kwa sababu kule si mahali pa vitu vinavyobadilika kila mwezi. Msinakili jina wala nukta kutoka Google kwenda OpenStreetMap, hilo haliruhusiwi.

Teknolojia, basi. Mtashawishika kuweka seva, hifadhidata kubwa yenye nyongeza za kijiografia, na mfumo wa kuingia kwa nywila. Pigeni hesabu kwanza. Sehemu 150 za kula, kila moja na vyakula vitano na bei zake za sasa, ni faili lisilofika kilobaiti 150. Ni dogo kuliko picha moja ya simu. Faili hilo linaweza kushuka lote kwenye simu ya mtumiaji, na hesabu zote zikafanyika humohumo kwa JavaScript ya kawaida. Wekeni kurasa zenu bure kwenye GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni. Data yenyewe itunzeni kwenye jedwali la mtandaoni mnaloliona nyote wanne. Kipande kifupi cha programu kiligeuze kuwa faili la tovuti kila mkibonyeza. Seva mtaihitaji siku mkifika mikoa mitano, na siku hiyo mtakuwa mmepata mtu wa kuilipia.

Kuna faida nyingine ambayo napenda muitetee hata mbele ya walimu: hesabu ikifanyika ndani ya simu, mahali alipo mwanafunzi hapatoki kwenye simu yake. Hamjui alikuwa wapi, hamuhifadhi, hakuna cha kuvuja. Binti anayetafuta chakula saa 2 usiku hana sababu ya kuacha alama yake kwenye kompyuta ya mtu.

Mtego mmoja utawapata siku ya kwanza. Kivinjari hakitoi mahali mtumiaji alipo isipokuwa tovuti iwe inatumia HTTPS, yaani muunganisho salama wenye cheti. Chrome imeshikilia hivyo tangu 2016. Kwenye kompyuta yenu mnapojaribu kila kitu kitakwenda vizuri, kisha mkiipandisha kwenye seva ya rafiki isiyo na cheti, kitufe cha "karibu nami" kitakufa kimya. GitHub Pages inatoa HTTPS yenyewe. Na wapo watakaokataa kutoa ruhusa, au simu zao zimezimwa GPS kuokoa chaji. Hao wawekeeni vitufe vya mitaa: "Niko Chikongola", "Niko Ligula", "Niko sokoni". Kwa wengi hiyo itakuwa ndiyo njia ya haraka zaidi.

Umbali ni hesabu ya darasa la Pythagoras. Sisi tuko karibu na ikweta, kama digrii 10 tu kusini, kwa hiyo digrii moja ya latitudo na digrii moja ya longitudo hapa kwetu zote zinakaribia kilomita 110. Kama kibanda kinatofautiana na mlipo kwa 0.006 upande mmoja na 0.008 upande wa pili, mraba wa kila moja, jumlisha, kipeo cha pili, mnapata 0.010, yaani kilomita 1.1. Hakuna haja ya kanuni ya umbo la dunia kwa mji wa ukubwa wa Mtwara. Lakini mtu hapai. Zidisheni kwa 1.3 kukadiria kona za njia, kisha msimwonyeshe mita, mwonyesheni dakika. Mtu mzima anatembea kama kilomita 5 kwa saa, hivyo hiyo 1.1 inakuwa dakika 17 kwa miguu. "Dakika 17" inamsaidia mwenye kipindi saa 8 kamili kuamua. "Mita 1,100" haimwambii kitu.

Na hapa mji wetu una maji yake. Mtu amesimama Feri, kwa mstari ulionyooka Msangamkuu iko pale ng'ambo anaiona kwa macho. Tovuti yenu itampeleka akale kule, na itabidi asubiri kivuko kwanza. Mpeni kila mahali alama ya upande: mjini, Msangamkuu, Mikindani. Kama upande wa mtumiaji na wa mgahawa ni tofauti, mgahawa usitokee mpaka autafute mwenyewe. Mikindani nayo iko kama kilomita 10 kwa barabara. Nauli ya kwenda na kurudi inakula unafuu wote. Vivyo hivyo kwa bajaji: sahani iliyopungua kwa 500 lakini inahitaji bajaji ya 1,000 si nafuu. Ndiyo maana nawashauri msichanganye bei na umbali kwenye alama moja ya kubuni. Mwulizeni mtumiaji "Una shilingi ngapi?", ondoeni vyote vinavyozidi hapo, kisha pangeni vilivyobaki kwa dakika za kutembea. Maamuzi mengine ni yake.

Mkianza kuweka nukta kwenye ramani mtakutana na makosa mawili, na ukiyajua hutapoteza usiku. Mtwara mjini iko karibu na latitudo -10.27 na longitudo 40.18. Mkisahau alama ya kutoa, kibanda chenu kitatokea Ethiopia. Mkigeuza mpangilio, kitaelea kwenye Bahari ya Atlantiki magharibi ya Ureno. Kosa la pili ndilo la kawaida zaidi, kwa sababu mafaili ya GeoJSON, muundo wa kuhifadhia data ya ramani, yanaanza na longitudo ilhali Leaflet, programu ndogo ya ramani ninayowashauri, inaanza na latitudo.

Ramani yenyewe isifunguke kwanza. Kila kipande cha ramani kinakula bando, na mtu akiisogeza huku na huku anavuta vipande vingi. Ukurasa wa kwanza uwe orodha tupu ya maandishi: chakula, bei, dakika, tarehe ya bei. Chini yake kitufe cha "Onyesha kwenye ramani" kwa anayetaka. Mwanafunzi aliyebakiwa na megabaiti 20 aweze kuipata sahani yake bila kuogopa.

Saa zinahitaji uangalifu wa pekee, na hili sijaliona likizungumzwa vya kutosha kwenye masomo ya kutengeneza programu. Mmoja wenu ataandika mama anafungua "7:00" akimaanisha saa saba mchana, mwingine ataandika "7:00" akimaanisha saa moja asubuhi, na kompyuta itaziona sawa. Msiruhusu kuandika saa kwa mkono. Fomu iwe na orodha ya kuchagua: saa 12 asubuhi, saa 1 asubuhi, saa 2 asubuhi, kuendelea. Ndani, mfumo uhifadhi 06:00, 07:00, 08:00. Kwenye skrini mwonyesheni mtu saa anayoitamka. Na saa za mama lishe ni mbili: ya kufungua, na ile ambayo chakula huwa kinakwisha. Wengi wanafunga sufuria likikauka, wala hawana habari na saa. Mwulizeni, "Mtu akija saa ngapi anakosa?" Jibu lake ndilo saa ya kufunga.

Kuna misimu pia. Ramadhani ikifika, sehemu nyingi za mchana hapa mjini zinafunga, na futari inatoka jioni. Kila mwaka mwezi huo unarudi nyuma kama siku 11, na kuanza kwake kunategemea kuandama, kwa hiyo msijaribu kuuhesabu kwa programu. Wekeni swichi moja ambayo mmoja wenu anaiwasha usiku ule ikitangazwa, na kila mahali pawe na saa za kawaida na saa za Ramadhani. Mvua zetu nazo ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Wanaouza chini ya mti bila paa huhama au hupumzika. Kisanduku cha "ana paa au hana" kinatosha.

Sasa swali lenu la mwisho, la bei za kweli, ambalo ndilo lililonifanya niwajibu kwa urefu. Bei ni kama samaki, ina siku zake. Kwa hiyo kila bei ionekane na umri wake: "2,000, imethibitishwa siku 9 zilizopita". Ikipita miezi miwili, maandishi yapauke. Ikipita minne, bei ifichwe, mahali pabaki na maneno "bei haijathibitishwa". Ukurasa unaokiri kwamba haujui unaaminika kuliko unaotaja namba ya mwaka jana kwa kujiamini, na mwanafunzi aliyefika kaunta akakuta ameongezwa 500 ambayo hana, harudi tena kwenu.

Wapeni watumiaji kitufe kimoja chini ya kila sahani: "Nimekula leo, nimelipa..." na nafasi ya kuandika namba. Basi. Wasijisajili, wasiandike insha. Kinaweza kufungua fomu fupi ya mtandaoni inayomwaga majibu kwenye jedwali lenu, kisha mmoja wenu anayapitia kila jioni. Zikija taarifa kadhaa za sahani ileile, msichukue wastani. Chukueni ya katikati. Tuseme wiki hii mmepata 2,000, 2,000, 2,500, 2,000 na 20,000, maana mtu kidole kiliteleza kwenye sifuri. Wastani wake ni 5,700, bei ambayo hakuna mtu aliyewahi kulipa. Zipange kwa ukubwa, ya katikati ni 2,000, na ndiyo ukweli.

Nyota za kupigia kura nawaomba msiziweke. Najua zinapendeza na kila tovuti inazo. Lakini hoteli kubwa ikipata nyota mbili inaendelea kuishi. Mama mwenye masufuria matatu, akipewa nyota moja na kijana aliyechelewa akakuta ukoko, anaweza kukosa wateja wa wiki nzima na ada ya mtoto. Na washindani wataanza kupigiana kura. Kama mnajali usafi, na mnapaswa kujali, ulizeni mambo yanayoonekana kwa macho: kuna maji ya kunawa yenye sabuni? Chakula kimefunikwa? Mtu akishuku ugonjwa wa tumbo, hilo ni la afisa afya wa kata, si la tovuti ya wanafunzi.

Kabla ya kuwasilisha fanyeni jaribio hili. Kompyuta ichague kwa bahati sahani 20 kutoka kwenye orodha yenu. Watu wawili ambao hawakukusanya data waende kuzinunua au kuuliza bei, bila kuonyeshwa namba zenu. Hesabuni ngapi zimelingana kabisa, ngapi zimepishana kwa 500 au chini yake, ngapi hazipo tena. Namba hiyo iandikeni kwenye ukurasa wa mbele hata kama ni 13 kati ya 20. Rudieni kila baada ya wiki mbili. Hapo mtakuwa mmejibu wenyewe lile swali la ukweli, kwa ushahidi ambao mwalimu yeyote ataukubali.

Kuna jambo walimu hawatawauliza lakini mimi nauliza: mwaka wa tatu mkiondoka, nani anabaki nayo? Miradi mingi mizuri ya vyuoni inakufa siku ya mahafali kwa sababu nywila ziko kwenye simu ya mtu aliyerudi kwao. Akaunti ya GitHub na ya Kobo ziwe za klabu, zisiwe za mtu. Andikeni maelezo ya kurasa mbili kwa Kiswahili: jinsi ya kuongeza mahali, jinsi ya kubadilisha bei, jinsi ya kuwasha swichi ya Ramadhani. Tafuteni wawili wa mwaka wa kwanza sasa hivi, watembee nanyi, sio waje kurithi baadaye wasichokijua. Mkiweza, zungumzeni na wenzenu wa Chuo cha Ualimu na wa Taasisi ya Uhasibu hapahapa mjini. Wanakula kwenye vibanda hivihivi na kila kundi likishika mitaa mitatu, hakuna atakayechoka.

Siku ya kuwasilisha msianze na mchoro wa mfumo. Mpeni mmoja wa walimu simu, mwambieni achague mtaa wake na aandike fedha aliyonayo. Aone orodha inakuja kabla hajamaliza kuuliza. Kisha onyesheni jaribio la sahani 20, na baada ya hapo ndipo mchoro. Mkiulizwa kwa nini hamkutumia hifadhidata kubwa, toeni ile hesabu ya kilobaiti 150. Mkiulizwa kwa nini hamna sehemu nyingi zaidi, semeni mlizokataliwa ni ngapi na kwamba mmeheshimu kukataliwa huko.

Kabla hamjatoka Jumamosi ya kwanza, nitumieni maswali ya fomu yenu ya Kobo niyapitie. Fomu ikishaingia mtaani, swali mlilolisahau linamaanisha kuvirudia vibanda vyote upya.